Pikipiki ya Maskini Namba Moja

Jumapili, 2 Machi

Leo nimegundua kwamba mimi ni maskini. Yaani nilikuwa maskini tangu zamani, ila sikujua kwamba ni kazi.

Mambo yalianzia ibadani. Mchungaji alihubiri habari ya matajiri na mbinguni. Akasema ngamia kupenya kwenye tundu la sindano ni mchezo wa watoto ukilinganisha na tajiri kuingia kule juu. Watu wote wakageuza shingo kumtazama Mzee Mabati. Si kwa ubaya. Kanisani kwetu tajiri ni mmoja tu, ungemtazama nani mwingine? Huyu ndiye mwenye duka kubwa la mabati, rangi na misumari pale njia panda. Akikaa, benchi linalia. Na tangu daktari amwambie moyo wake umechoka, amekuwa mtu wa kusikiliza mahubiri mpaka mwisho.

Basi akasimama. Jasho! Leso usoni. Akasema ameelewa. Jumapili ijayo, mbele ya kanisa zima, atatoa pikipiki mpya, nyekundu, haijaguswa na mtu, kwa aliye maskini kuliko wote kanisani humu, imsaidie kutafuta riziki. Wazee wa kanisa wapite nyumba kwa nyumba wamtafute huyo mtu.

Pikipiki! Nyekundu! Moyo wangu ukawaka kwa kiki moja.

Baada ya hapo yakaja matangazo. Kwenye matangazo huwa nalala. Nilisikia kitu juu ya stoo ya kanisa na wiki hii, nikajua ni yale yale ya mahema na viti vya plastiki. Nikaegemea nguzo, nikaota ninapiga honi.

Shangazi aliniamsha kwa kiwiko.

Jumatatu, 3 Machi

Nimefikiri siku nzima. Walimu walikuwa wakisema nina akili nyingi, tatizo ni kwamba nilikuwa sizileti shuleni. Sasa nimezipata hapa nyumbani, nazitumia.

Hoja yangu ni hii. Mzee Mabati anataka mbinguni. Njia ya mbinguni inapita kwa maskini. Maskini akikosekana, mzee wa watu atabaki nje ya geti na pikipiki yake. Kwa hiyo mimi siombi. Mimi nahudumia! Nitamshika mkono nimvushe kwenye lile tundu, na alivyo mnene ni kazi hasa. Pikipiki ni ujira mdogo.

Tatizo ni Shangazi. Tunaishi wawili, chumba kimoja na kibaraza. Ni dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea, na kazi yake ni kunyoosha nguo za watu kwa pasi ya mkaa. Mashati ya Mzee Mabati, majoho ya kwaya, suti za mabwana harusi, yote hupita mikononi mwake. Ni hodari mno, na hapo ndipo penye balaa. Shangazi hawezi kuona mkunjo akanyamaza. Hunyoosha mashuka. Hunyoosha vitambaa vya kufutia vyombo. Hunyoosha soksi zangu. Nani atamwamini maskini mwenye soksi zenye mstari?

Nikampima kwa mbali. Nikamuuliza kama haoni kwamba sisi ni maskini. Akaweka pasi chini. Akaniuliza kama jana nililala njaa. Nikasema hapana. Akasema basi, kuna watu wana shida kweli, sisi tuna kitanda, kabati, meza, kiti cha marehemu mume wake na mikono yetu, na nikilitaja tena hilo neno ataunyoosha mdomo wangu kwa pasi ile ile. Akaongeza kwamba Mungu hapelekewi ankara.

Nikatoka nje nikararua suruali gotini. Mpasuko safi, wa kuhuzunisha.

Jumanne, 4 Machi

Suruali imeshonwa. Imetiwa kiraka. Imenyooshwa. Sasa ni nzuri kuliko siku iliponunuliwa.

Nimeirarua tena, kwa nyuma.

Jumatano, 5 Machi

Kiraka cha nyuma nacho ni kizuri. Watu wananiuliza fundi wangu ni nani.

Kibaya zaidi, nina mshindani. Kinyozi! Yule wa kibanda cha kona, aliyewahi kuninyoa upande mmoja akaenda kuangalia mpira. Leo nimemkuta amefunga kibanda, amekaa mlangoni na miwani myeusi, fimbo mapajani. Nikamuuliza kulikoni. Akasema macho yamekufa ghafla, haoni tena, atanyoaje watu, riziki imekwisha. Nikainua vidole, nikamuuliza ni vingapi. Akasema, "Mdogo wangu, hata huo mkono siuoni." Nikamwambia pole sana, basi hata suruali yangu mpya hujaiona. Akacheka. Akasema mpya wapi, ina viraka viwili!

Nikadhani ataona aibu. Wapi! Alinifuata njia nzima akinikejeli. Eti maskini gani ananukia sabuni. Eti Shangazi ana kabati la kioo, mtaa mzima unalijua, mlango ukiwa wazi linamulika mpaka barabarani. Eti wazee wa kanisa wakifika kwetu watatuomba sisi msaada.

Hilo la kabati limeniuma. Ni kweli.

Tukabishana na habari ya mbinguni pia. Nikamwambia hata akifika, kule hana kazi, malaika nywele zao haziongezeki. Akasema hata mimi sitakuwa na kazi, ila mimi hilo nimeshalizoea.

Nikaondoka. Nilikuwa na haraka.

Ijumaa, 7 Machi

Habari za uhakika! Kesho saa sita wazee wa kanisa wanapita upande wetu wa mtaa. Wanaongozwa na Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, yule aliyeniambia nikae nyumbani mpaka shule itakaponikumbuka. Bado haijanikumbuka. Kwa Kinyozi walishafika. Nasikia walimkuta na miwani yake myeusi anasoma matokeo ya mpira gazetini, tena kwa sauti.

Sasa mpango. Kila Jumamosi Shangazi anapeleka nguo kwa wateja, asubuhi mpaka alasiri. Nyumba inabaki yangu. Nitatoa kila kitu ndani. Wazee wataingia, watakuta utupu, watalia, wataondoka. Nitarudisha vitu kabla hajarudi. Hatajua chochote mpaka siku nitakapompakia nyuma ya pikipiki.

Vitu niviweke wapi? Kwa jirani haiwezekani, jirani ana mdomo. Nikaikumbuka stoo ya kanisa. Ina kufuli, na Mtunza Kanisa anayeshika funguo ni mzee mpole asiyependa maswali. Tena ni mahali patakatifu. Nani ataiba?

Wakati mwingine akili yangu inanitisha mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ndefu. Naandika nikiwa sakafuni. Sababu itaonekana.

Asubuhi Shangazi alipotoka na mafurushi yake, nikaenda kwa Mama Mkaa kuazima toroli. Mama Mkaa ni mjane anayeuza mkaa chumba cha mwisho uani, ndiye anayemuuzia Shangazi mkaa wa pasi. Mgongo umepinda, na kiti hana, hukaa juu ya debe lililogeuzwa. Nilimkuta hapo ameshika kiuno. Shikamoo, marahaba mwanangu. Nikamuuliza kama wazee wa kanisa wamepita kwake. Akasema Mwenyekiti alipita jana kutoa taarifa, akamwambia wazee waende kwa wenye shida, yeye ana biashara.

Mtu wa ajabu! Bahati inakuja mpaka mlangoni, anaifukuza. Umaskini mzuri vile, unapotea bure.

Toroli akanipa. Akainuka hata kunisaidia kupakia kabati, mgongo ukilia kama bawaba. Akauliza kama tunahama. Nikasema ni mambo ya kanisa. Sikudanganya.

Kabati likaenda kwanza. Mbele ya kibanda cha Kinyozi tairi likapasuka kwenye jiwe, paa! Kinyozi akatoka kushangaa, miwani ameipandisha kwenye paji la uso apate kuona vizuri. Nikasukuma na ringi tupu. Kisha kitanda na godoro. Mwisho meza ya kunyooshea, sufuria, vijiko, na kile kiti. Ni cha mbao, mgongo mrefu, kina mahali pa kuweka mikono. Marehemu mume wa Shangazi alikichonga mwenyewe. Jioni akimaliza kazi Shangazi hukaa humo, haongei, macho ukutani. Mimi siruhusiwi hata kukitundikia shati.

Mtunza Kanisa alifungua stoo kwa furaha. Nikamwambia nimeleta vitu vya Shangazi. Akauliza, vyote hivi? Nikasema vyote, hakikubaki hata kijiko. Akavua kofia. Machozi yakamlengalenga. Nikamwomba asimwambie mtu. Akanishika bega, akasema ndivyo inavyotakiwa, kimya kimya bila tarumbeta, Aliye juu anaona. Nikasema huyo aone tu, mradi wazee wa kanisa wasione.

Humo ndani nikakuta vitu vya watu wengine. Magodoro, mablanketi, sufuria, viatu, baiskeli ya mtoto. Rundo! Kumbe wajanja tuko wengi. Mtaa mzima unaficha mali! Ila nilijipongeza kidogo. Hakuna mwingine aliyethubutu kuleta kabati.

Saa sita wazee wakafika. Nilikaa katikati ya chumba kitupu, suruali nimeichana mahali papya. Mwenyekiti akaingia, akapiga chafya, chafya ikamrudia kutoka ukutani. Akatazama pale lilipokuwa kabati. Rangi ya ukuta bado mpya, umbo la kabati kamili kabisa. Akauliza hapa palikuwa na nini. Nikasema palikuwa na matumaini. Mama mmoja kati yao akafuta macho. Mwenyekiti hakufuta kitu. Alinitazama kama zamani alivyokuwa akitazama hesabu zangu zinazofanana na za mwenzangu. Akauliza mbona suruali imechanika lakini ina mstari wa pasi. Nikasema ndio uchungu wenyewe, mzee, tumebaki na pasi tu.

Wakaondoka wakinong'ona. Nikakimbia stoo. Kufuli! Mtunza Kanisa amekwenda harusini kwa mjukuu wake, mbali, atarudi kesho wakati wa ibada. Na ufunguo kiunoni.

Shangazi akarudi. Akasimama mlangoni, kikapu mkononi. Nikasema haraka haraka kwamba vitu nimevipeleka kwa seremala vipigwe vanishi, nilitaka kumshtukiza. Akatazama huku. Akatazama kule. Akauliza, hata sufuria?

Nikasema seremala ana ofa.

Akaweka kikapu chini. Halafu akasema kile kiti kwa kweli kilihitaji vanishi, tangu mwenyewe aondoke hakijaguswa na fundi. Akatandika shuka sakafuni. Akanikatia kipande cha mkate kikubwa kuliko chake, akasema kumbe na mimi naweza kumfikiria mtu.

Mkate umekuwa mgumu kumeza. Nadhani ni wa jana.

Jumapili, 9 Machi

Nitaandika kwa ufupi. Uongo, sitaweza.

Kanisa limefurika. Mbele pikipiki, nyekundu, imefungwa utepe. Pembeni yake kitu kama kilima kimefunikwa turubai. Mimi mstari wa mbele na suruali yangu ya majonzi. Kinyozi mstari wa mbele upande wa pili na fimbo yake. Shangazi nyuma yangu, gauni lake la Jumapili halina mkunjo ingawa limelala sakafuni.

Mchungaji akasema kabla ya pikipiki tuone kwanza yale waumini waliyotoa wiki hii kwa ajili ya wahitaji, kama ilivyotangazwa. Ilitangazwa lini? Nikamuuliza jirani. Akasema Jumapili iliyopita, wewe ulikuwa unakoroma. Kila mwenye kutoa alitakiwa apeleke kitu kwa siri, na alfajiri wazee wamevitoa kwa ufunguo wao wa pili kule stoo.

Stoo.

Turubai likavutwa. Kabati letu likamulika kanisa zima. Kwenye kioo chake nikajiona mwenyewe, mdomo wazi.

Mtunza Kanisa akashindwa kujizuia. Akasema anajua ni siri, Mungu amsamehe, ila kuna nyumba imetoa vyote, hata vijiko, na kijana wao amevileta kwa toroli lililopasuka tairi, suruali ikamchanikia kazini, na bado akaomba asitajwe. Akaninyooshea kidole. Kanisa zima likasimama. Makofi! Mchungaji akavua miwani. Akasema zamani kulikuwa na mjane aliyetia visenti vyake viwili, na leo tunaye aliyetia kabati.

Nikageuka. Uso wa Shangazi ulikuwa kama shati jeupe lililotoka kwenye pasi sasa hivi. Alikuwa anatazama kiti. Kiti tu. Angesema neno moja, vitu vingerudi nyumbani na mimi ningekwisha. Mchungaji akamwomba aseme hilo neno. Akasimama, akaweka sawa mkono wa gauni. Akasema kile kiti mguu wa nyuma wa kushoto umelegea, atakayekipata asiegemee upande huo mpaka upigwe msumari. Akakaa.

Watu wakalia. Kwa habari ya msumari! Sikuelewa.

Ugawaji ukaanza. Kitanda, meza na vyombo vikaenda kwa familia iliyounguliwa na nyumba. Kabati kwa Kinyozi! Ati Mwenyekiti anasema kioo kitamponya macho! Akalipapasa kama kipofu hodari, kisha akajitazama kwenye kioo, akaweka kola sawa. Kiti kikapelekwa kwa Mama Mkaa. Akakataa, wakamkalisha kwa nguvu. Akaegemea. Akashtuka kidogo, kama mtu aliyeguswa mgongoni. Akafumba macho.

Ikabaki pikipiki. Mwenyekiti akasema kuna nyumba waliikuta tupu kabisa wakaiweka mbele ya nyingine zote. Lakini sasa wamejua kwa nini ilikuwa tupu, na mtu anayetoa hivyo hawezi kuitwa maskini, itakuwa kumtukana. Alisema akinitazama mimi. Naapa alikuwa anatabasamu.

Pikipiki akapewa Mama Mkaa. Ikabidi aamshwe. Akashukuru sana, akasema mgongo wake hauwezi kitu kile, apewe Mchungaji awe anatembelea wagonjwa. Ila kama Mzee Mabati hatajali, yeye anaomba tairi la toroli. Lake limepasuka, hajui ilikuwaje.

Mzee Mabati alipiga makofi wa mwisho kabisa. Mtu ametoa pikipiki, watu wanalilia kiti. Ningekuwa yeye ningedai turudie.

Jumatatu, 10 Machi

Shangazi alikuwa na swali moja. Aliuliza tu huyo seremala anaitwa nani.

Hukumu ikatoka. Yeye atanyooshea nguo juu ya mlango uliolazwa kwenye matofali. Mimi nitasukuma toroli la Mama Mkaa kila siku, bure, mpaka ipatikane meza. Tairi ni jipya. Mgongo ni wangu.

Nikajaribu kumfariji. Nikamwambia atazame upande wa pili, sasa tuna hazina mbinguni, kabati zima, na kule hakuna mchwa wala wezi. Akasema hazina ni ya aliyetoa, mimi niliiba. Nikasema sikuiba, nilibeba, na mbebaji lazima ana fungu lake. Akanitupia soksi.

Haikuwa imenyooshwa. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi Shangazi akasema vingine basi, lakini kiti anakwenda kukichukua. Atasema ukweli wote, liwalo na liwe. Akafunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda mahakamani. Nikamfuata kwa nyuma. Ningekosaje?

Hakukuwa na lolote la kuona. Mlango wa Mama Mkaa ulikuwa wazi, naye amelala kitini, amenyooka, mikono juu ya mbao, vidole vyeusi kwa mkaa, anakoroma taratibu kama mtoto. Shangazi akasimama. Akasimama sana. Halafu akaokota kipande cha boksi, akakikunja, akainama, akakisokomeza chini ya ule mguu uliolegea. Akaondoka kwa vidole vya miguu.

Nikamuuliza kiti kiko wapi. Akasema kina mtu.

Nikamweleza kwamba mtu aliyelala ndiye rahisi kumwondoa. Akanituma maji.

Alhamisi, 13 Machi

Mzee Mabati amekuja kwetu! Mwenyewe, na mashati yake kwapani, wakati siku zote humtuma kijana wa dukani. Kwa kukosa kiti akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Ndoo ikalia.

Akazungumza habari ya jua, habari ya bei ya misumari, kisha akashusha sauti. Akamuuliza Shangazi alipotoa vitu vyote vile alijisikiaje. Kuna kitu kilifunguka? Alipata usingizi? Maana yeye tangu atoe pikipiki hasikii kitu chochote ndani, ila kila ikipita na Mchungaji juu anageuka kuitazama.

Na Shangazi akamwambia ukweli! Wote! Na mimi nimekaa pale pale! Wazee, stoo, seremala, ofa ya sufuria. Akasema hakutoa, alinyang'anywa na mtoto wake mwenyewe. Alichofanya yeye ni kwenda kudai akashindwa kudai, basi. Na hicho ndicho alichotoa, kiti kimoja, siku ya Jumanne, na bado kinamuuma.

Nikangoja mzee akasirike. Akacheka. Akacheka mpaka akashika moyo, mpaka nikadhani nimeua na mtu. Akafuta macho kwa shati lake chafu. Halafu akamuuliza Shangazi anahitaji nini, aseme tu, chochote.

Chochote! Nikamkonyeza. Nikachora sofa hewani kwa mikono miwili. Shangazi akafikiri, akasema anahitaji msumari mmoja, wa kukaza mguu wa kiti cha Mama Mkaa.

Msumari! Mtu mwenye duka zima la mabati anakuambia sema chochote, unasema msumari! Na mzee naye akaufuata dukani mwenyewe, akaja na nyundo, akapiga magoti kwa Mama Mkaa na suti yake, akagonga. Alipotoka magoti yalikuwa meusi kwa mkaa, naye anapiga mluzi.

Matajiri sitawaelewa. Ndio maana nafikiri mimi ningefaa zaidi.

Ijumaa, 14 Machi

Meza imepatikana. Ameileta Mwenyekiti, dawati la zamani la shule, refu, imara. Juu yake limechongwa jina langu la utani, kwa kisu, mwandiko wangu kabisa. Akasema amelitunza miaka yote akijua iko siku litanifaa. Shangazi amelifuta vumbi, akatandika blanketi juu ya jina langu, kazi imeanza.

Kwa hiyo niko huru.

Mtunza Kanisa naye kanisimamisha njiani. Anasema kwa mfano wetu watu wameguswa, na stoo sasa itapokea vitu kila wiki na kugawa siku hiyo hiyo, wahitaji wasingoje. Anasema nikiwa na chochote nisisite.

Leo nalala nalo hilo.

Jumamosi, 15 Machi

Sasa nimeelewa. Jamani, nimeelewa!

Tangu Jumapili wateja wa Shangazi wameongezeka maradufu. Kila mtu anataka nguo zake zinyooshwe na mama aliyetoa vyote. Wanasema shati likipita mikononi mwake, anayelivaa anatulia. Chumba kimejaa nguo, zimening'inia kamba hadi kamba. Angalia basi. Tulitoa kabati, wakaja wateja. Tulitoa meza, ikaja meza. Mchungaji anasema kila wiki kwamba atoaye hurudishiwa, na sisi tunakaa tunaitikia amina bila kusikiliza. Kosa letu lilikuwa moja tu. Tulitoa kidogo!

Leo Shangazi alibadilisha ratiba, nguo atapeleka jioni. Asubuhi alikwenda kumkanda Mama Mkaa mgongo. Hukaa huko sana siku hizi, yeye kwenye debe, mwenzake kitini, wanacheka sijui nini.

Nyumba yangu. Toroli lina tairi jipya. Nikapakia nguo zote. Mashati meupe ya Mzee Mabati, majoho ya kwaya, magauni, na suti ya bwana harusi wa leo alasiri, ambayo ni suti nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Zimenyooka, zimekunjwa, zinanukia. Maskini gani hatafurahi? Na uzuri wake ni kwamba wenye nguo hawajui kwamba wametoa. Siri kamili! Hata wao hawawezi kujisifu. Mzee Mabati peke yake nimempunguzia mzigo mkubwa sana. Kama sasa hapiti kwenye tundu la sindano, basi hiyo sindano ndiyo mbovu.

Mtunza Kanisa alilia mpaka akakaa chini. Nikamwambia safari hii asijizuie, aseme tu. Kabla sijatoka getini tayari watu walikuwa wanapokea. Mmoja, muuza kuku, alikuwa ameshaivaa suti. Imemkaa!

Nimerudi. Chumba kitupu, kinapendeza. Nimekaa kwenye dawati nangojea baraka.

Nasikia Shangazi anakuja uani, anaimba. Nyuma yake kuna sauti za wanaume wengi, wanacheka, mmoja anasema amekuja kuchukua suti yake, harusi imekaribia.

Si nilisema? Wateja hao! Baraka zimeanza kumiminika.